Meza ya Baba Imesawazishwa

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Rula,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, maumivu ya mgongo yamepungua, na zamu za usiku zimekwisha kama ulivyoahidiwa. Sisi huku ni wazima, kwa uzima wa watu wa umri wetu. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, mchana linamwachia. Baba anakohoa lakini hataki kuitwa mgonjwa. Mimi miguu inavimba kwa kushinda kwenye mabenchi ya mahakama, na mhariri bado anataka kurasa mbili kwa jambo la ukurasa mmoja. Watoto wanasoma. Hiyo ndiyo afya ya nyumba. Ukijibu, eleza na ya kwako, usiandike "mzima" peke yake kama mara iliyopita.

Habari ya leo asubuhi ni hii, na aliyeitoa ni Baba mwenyewe, mswaki ukiwa mdomoni: fundi wa meza anaitwa tena wiki hii, aje airudishe meza ya pool ilivyokuwa. Kwamba meza iliguswa hukuambiwa, kwa hiyo inabidi nirudi nyuma.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu huwa unajibu kabla sijamaliza. Binamu yetu wa lori anaondoka kesho alfajiri, na Jumanne jioni atakukabidhi bahasha hii mkononi.

Unajua kwamba Sindano aliingia kwenye mchujo wa timu ya wanawake. Hujui alivyofungwa, maana huyu kitinda mimba wetu alikutumia neno moja tu, "Nimepoteza", akazima simu. Nilikuwepo. Alifungwa gemu tano kwa mbili, kwenye ukumbi wa chama, meza mpya, taa nzuri. Mipira ya karibu aliiingiza bila wasiwasi. Ya mbali, ile ya kuvuka meza nzima, iligonga ukingo kando ya tundu, kila mara upande ule ule, kwa upana wa kidole. Aliyemfunga ni muuguzi mmoja mpole ambaye hana pigo hata moja la kumfanya mtu ageuze shingo. Yeye alikuwa anaingiza tu, anapaka chaki, anaingiza.

Kabla ya mchezo Sindano alijitenga kwenye korido akasikiliza tena ujumbe wako wa sauti. Niliusikia na mimi: "Mdogo wangu, ukishindwa yote, usisahau kumpa Bucha chake." Hakusahau. Alimpa Bucha chake kwenye kila pigo la mbali mpaka mchezo ukaisha.

Nasema hivyo si kwa kukulaumu. Endelea kusoma.

Baada ya mchezo alinifuata kocha wa chama, mama mmoja mkavu wa maneno, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Akaniuliza, "Huyu mdogo wako amejifunzia wapi?" Nikamjibu, kwa baba yetu. Akasema, "Anakosa vizuri sana. Mtu asiyejua hukosa kila mahali. Huyu anakosa mahali pamoja. Na nimemsikia anajinong'oneza kuhusu bucha. Bucha gani?"

Ikanibidi nimweleze. Nilimwambia kwamba Baba aliuza nyama zamani, watu wakamwita Bucha, na jina likabaki hata alipofungua chumba cha pool. Na kwamba pale kwetu, ukipiga mpira wa mbali kutoka upande wa mlangoni, hulengi tundu. Unalenga kidole kimoja kulia kwake, kisha mpira unajirudi wenyewe na kuingia. Kidole hicho ndicho chake Bucha. Wageni wasiojua walikosa, sisi tukacheka. Nilipokuwa namweleza mama huyu asiyecheka ndipo nikasikia maneno yetu yalivyo ya ajabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakuja kuiona hiyo meza."

Akaja. Hakuomba fimbo. Aliweka mpira mweupe mlangoni, akausukuma kwa kidole taratibu. Mpira ukaenda, ukafika katikati, ukaanza kuelekea dirishani kama mtu aliyeitwa, ukatulia kwenye kona.

Baba akasema, "Umeusukuma vibaya."

Kocha akampa mpira. Baba akausukuma. Ukaenda ukatulia kona ile ile.

"Kitambaa kimechakaa," Baba akasema.

"Mzee wangu," kocha akamwambia, "kitambaa kikichakaa mpira huchoka. Hauhami njia."

Fundi wa meza aliletwa kesho yake na pimamaji lake. Alipima meza mara moja, halafu akaiacha, akawa anatazama sakafu. Akauliza, "Hapa palikuwa na nini zamani?" Mama ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni na ungo: "Bucha." Fundi akachuchumaa dirishani, akagonga sakafu kwa spana mpaka akasikia sauti ya uwazi. Hapo ndipo lilipokuwa tundu la maji. Chumba kilipokuwa cha nyama, sakafu ilimwagwa na mteremko ili maji ya kuoshea yakimbilie nje. Baba alipobadilisha biashara aliziba tundu kwa saruji, akaleta meza, akaiweka. Mteremko haukuzibwa na mtu. Miaka yote hiyo tumepiga deki chumba kile, maji yanakwenda dirishani yenyewe, tukiona ni wema wa maji.

Fundi alikaza na kulegeza nati za miguu mpaka kiputo cha pimamaji kikatulia katikati. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Meza sasa iko sawa. Wachezaji wenu siwajui."

Ungedhani shida iliishia hapo. Ndipo ilipoanza.

Kocha alikubali kupita kila jioni Sindano anapotoka kiwandani, maana ukumbi wa chama hufungwa mapema na meza ya kujifunzia ni hii tu. Mdogo wako anafika mikono inanuka mafuta ya cherehani, mabega yameshuka, ameshona sare za watu tangu asubuhi. Anakunywa maji amesimama. Halafu anawekwa mezani kama mtoto wa chekechea. Siku ya kwanza hakuruhusiwa hata kugusa mpira. Alisogeza fimbo mbele na nyuma juu ya ukingo wa meza, basi. Miguu iwe hivi. Kidevu kiwe juu ya fimbo. Kichwa kisiinuke mpaka mpira usimame. Mkono wa nyuma kocha alimfundisha kwa mfano wake mwenyewe: "Shika kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara. Asikuponyoke, wala asilie."

Ikaja zamu ya mpira mweupe. Kuupiga katikati ya meza mpaka mwisho, ugonge ukingo, urudi uguse ncha ya fimbo iliyoupiga. Si jambo la kupigiwa makofi. Ukilitazama unaona mtoto angeliweza. Sindano hakuliweza. Mpira ulirudi kando, kulia, kila mara. Meza iko sawa na mpira unarudi kando. Kocha akavaa miwani, akamwangalia kiwiko, akamwangalia kiganja. Akasema, "Mkono wako unageuka mwishoni, kidogo. Unaomba radhi kabla haujakosa."

Sindano akaweka fimbo chini. "Kocha, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unacheza na sakafu."

Hakulia, unamjua. Aliinama akaupiga tena. Inachosha kumtazama, mdogo wangu. Nimekaa kwenye kesi za mashamba zilizonichosha kidogo kuliko jioni zile. Mpira unakwenda, unarudi kando. Unakwenda, unarudi kando. Nje watu wanapita na maisha yao. Ijumaa jioni, nilipokuwa nimeshaanza kusinzia kwenye kiti cha Mama, mpira ulirudi ukagusa ncha ya fimbo, tik. Aliuweka tena pale pale.

Kocha hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia kwamba mkono huchukua miezi kujifunza, na mchujo wa pili, wa waliopoteza, ni Jumamosi hii. Nafasi iliyobaki kwenye timu ni moja. Akimaliza wiki kwenye meza iliyo sawa, anaweza. Akirudi kwenye mteremko hata kwa siku mbili, kiganja kitakumbuka ya kale, na safari hii hakuna mchujo wa tatu.

Sasa sikiliza habari za wateja.

Tangu meza isawazishwe hakuna anayeingiza mpira wa mbali. Hakuna. Watu waliokuwa mafahali wamekuwa ndama. Kinyozi wa jirani, ambaye hata wewe ulikuwa unamheshimu, alikosa kona mara nne mfululizo na mke wake amekaa pale. Alitazama fimbo, akatazama mkono, akatazama dari. Dereva wa teksi akatangaza kwamba meza imerogwa kwa pimamaji. Mwashi wa mtaa wa pili akapiga, akakosa, akakaa kimya, na kimya chake ndicho kilichomponza.

Kinyozi akamgeukia: "Wewe si ndiye unayejenga nyumba za watu? Ulikuwa huoni sakafu imelala upande?"

"Nilikuja kucheza," mwashi akasema. "Sikuja kazini."

"Nyumba yangu uliijenga ukiwa kazini au ukicheza?"

Wakacheka, lakini wenzao wawili waliondoka wakaenda kwenye chumba kingine ng'ambo ya barabara, na jana hawakurudi. Kinyozi alimfuata Baba kwa adabu zote. "Mzee, sisi hatuendi kwenye timu. Sisi tunataka kufurahi tukitoka kazini. Turudishie meza yetu." Baba akamwambia, "Meza haikuwa na kosa. Watu mliizoea. Mtu akishazoea kilema cha mkewe, si kilema tena."

Sauti ya Mama ikatoka jikoni: "Kilema cha nani?"

Baba akatoka nje kukohoa.

Basi, leo asubuhi ndiyo akatoa tangazo lile la mswaki. Nilipomuuliza ni kwa ajili ya wateja wawili, akasema hapana. Nilipomuuliza ni kwa ajili ya nini, akanitazama kama ninavyotazamwa na mashahidi. Nikaacha. Nimechoka kuuliza watu maswali siku za kazi, Jumapili nayo?

Niliishia hapo kwa sababu niliitwa mezani. Sasa tumekula, Baba amelala, naendelea.

Wakati wa chakula Sindano alisema bila kuinua macho, "Baba, ukiirudisha meza wiki hii, Jumamosi nitakwenda na mkono wa zamani."

Baba akasema, "Mkono wa zamani una ubaya gani? Ndio uliomjenga ndugu yako. Mcheza kwao hutunzwa."

"Jumamosi sichezi kwetu, Baba."

Akaendelea kutafuna. Mama akamsogezea maji. Sindano akasema tena, polepole, "Na Kaka naye, sifa zake zilikuwa za humu ndani."

Hapo Baba akaweka kijiko chini. "Usimseme ndugu yako na hayupo."

Hakupandisha sauti, lakini sote tukamwelewa. Juu ya mlango bado yapo yale maneno aliyoyaandika kwa rangi nyekundu mwaka uliosafiri: HAPA RULA HAJAFUNGWA. Kila mteja anayeingia huyasoma, na kila mgeni huuliza ni nani. Wiki nzima hii wameanza kuyasoma kwa namna nyingine. Dereva wa teksi juzi alisema, kwa mzaha tu, kwamba Rula alikuwa rula iliyopinda juu ya meza iliyopinda. Baba alimsikia. Si wateja wawili, basi. Ni wewe anayekulinda.

Sindano akasema, "Simsemi vibaya. Mimi alinifundisha yeye. Nataka aulizwe."

Baba akasukuma sahani kando. Halafu akasema, "Nitamuuliza mwenyewe. Yeye ndiye aliyeijua meza hii kuliko mtu yeyote. Akisema irudi, irudi. Akisema ibaki, ibaki, na hao kina kinyozi watajifunza upya kama watoto." Mimi na Mama ni mashahidi.

Kwa hiyo neno liko kwako. Sitakwambia ujibu nini. Ila kuna jambo moja nalijua na wewe hulijui, na si haki ujibu bila kulijua.

Mwaka wako wa kwanza huko uliandika kwamba umeacha pool. Ulisema meza za huko ni mbovu, halafu ukasema macho yamepungua. Ulikwenda kwa daktari wa macho, akakwambia macho yako hayana kasoro, ukatuandikia kwamba hajui kazi yake, ukanunua miwani barabarani. Tangu hapo hujagusa fimbo, umekuwa mtu wa kutoka ghalani, kula na kulala. Mama husema huko kumekuzeesha. Mimi nilidhani ni kazi.

Juzi nilimuuliza kocha, bila kutaja jina: mtu aliyejifunzia hapa, akaenda kucheza mbali, angekosaje? Hakufikiri hata kidogo. Alinyanyua kidole kimoja, akasema, "Kulia kwa tundu, upana huu, kila mara. Na angedhani ni kila kitu isipokuwa mkono."

Nadhani upana huo unaukumbuka.

Sikwambii kwamba ungekuwa bingwa huko. Sijui, na kocha hajui. Kiganja chako nacho hugeuka mwishoni, Sindano amekichukua kwako kama alivyochukua mwendo wako, na kukinyoosha kungekugharimu jioni nyingi za kuchosha kama hizi ninazokuhadithia. Ninachoweza kuthibitisha ni kimoja. Macho yako hayakuwa na kasoro. Daktari yule alijua kazi yake.

Ukijibu kwamba meza irudi ilivyokuwa, hakuna atakayekununia. Maneno ya mlangoni yatabaki yalivyo, kinyozi ataingiza kona yake mbele ya mkewe, na Sindano atakwenda Jumamosi na alichonacho. Ukijibu kwamba ibaki, Baba atapaswa kuyasoma maneno yale kila anapofungua mlango, akijua. Ni mzee na unamjua kuliko mimi kwa mambo ya kimya kimya, kwa hiyo utajua namna ya kumwambia.

Na nakuomba moja kwa niaba ya Sindano, ambaye hataki kukuomba mwenyewe: usimtumie ujumbe wowote wa mafunzo mpaka Jumapili ijayo. Si kwamba hakupendi. Anasikiliza kila unachosema, ndiyo taabu.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama blanketi lilifika. Shangazi anakusalimu, binamu wa lori utamwona. Watoto wangu wanakusalimu. Mkubwa amekuwa mrefu kunipita na hasaidii chochote. Kinyozi, dereva wa teksi na mwashi wametuma salamu kwa sharti kwamba useme meza irudi. Nimezichukua salamu, sharti nimeliacha kwao. Msalimie na yule mwenzako wa chumbani anayekupikia ukiwa zamu.

Mungu akupe usingizi wa kutosha na mgongo usiouma, akulinde njiani kwenda na kurudi kazini.

Baba atakupigia Jumatano saa nane mchana, wakati wako wa mapumziko. Fundi atakuwa ameketi papo hapo na spana zake, kwa kuwa Baba hataki kumwita mara mbili. Atakachosikia kwenye simu ndicho atakachofanya kabla Sindano hajatoka kiwandani.

Anayekupenda tangu ulipokuwa hujafikia ukingo wa meza,

Dada yako